Huyo si mtoto, ni ndege! (Habari za shakwe na jina lake)

 Najua nimekaa kimya muda mrefu, na Shangazi amekwisha kuniletea ujumbe wa kunisuta kwamba watu wakifika Ulaya husahau kwao. Shangazi, shikamoo, sijasahau. Ni hizi zamu za usiku tu. Leo nimepata mapumziko ya siku mbili, nimejipikia chai ya tangawizi, nimeketi hapa dirishani, na nataka kuwasimulia habari ya ndege.

Msicheke. Mlizoea niwaandikie habari za baridi, bei ya nyumba na wagonjwa wanaonitania kwa lafudhi yangu. Lakini huyu ndege amenisumbua mpaka nikaenda maktaba kumtafuta jina lake, na niliyoyakuta huko yamenigusa mimi na mwanangu. Kwa hivyo vumilieni, habari ni ndefu kidogo.

Ilianza kwa simu. Nilikuwa nimerudi kutoka zamu, asubuhi, nazungumza na Mama kabla ya kulala. Mara akanikatiza: "We, huyo mtoto anayelia hivyo ni wa nani? Mbona hamumbembelezi?" Nikamwambia, "Mama, huyo si mtoto, ni ndege." Hakuniamini. Ikabidi nigeuze simu dirishani nimwonyeshe paa la jirani, na wao watatu wamesimama juu ya bomba la moshi, shingo zimenyooka juu, midomo wazi, wanalia kwa uchungu kama waliofiwa. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Basi huyo ana jambo lake."

Kauli hiyo ya Mama iwekeni akiba, nitairudia.

Mimi naishi Swansea, mji wa bandari kusini mwa Wales. Mkisema niko Uingereza siwakosoi, ila wenyeji wa hapa wangewakosoa, tena haraka! Wales ni nchi yake ndani ya Ufalme wa Muungano, ina bendera yake yenye joka jekundu na ina lugha yake, Kiwelisi, ambayo haifanani na Kiingereza hata kwa salamu. Mji wenyewe una majina mawili. Kwa Kiwelisi ni Abertawe, yaani mlango wa mto Tawe, pale unapoingia baharini. Hilo la Swansea ukilisikia kwa Kiingereza utadhani lina bata maji na bahari ndani yake, kumbe wataalamu wanasema limetoka kwa mabaharia wa Skandinavia waliofika zamani, na maana yake ni kisiwa cha mtu aitwaye Sveinn. Toka hapo nikajifunza kwamba majina ya huku hayaaminiki kwa sura.

Ndege mwenyewe ni jamaa wa shakwe wetu, lakini usimfananishe. Huyu ni pande la ndege. Kifua cheupe, mgongo wa kijivu cha fedha, miguu ya rangi ya waridi iliyopauka, mdomo wa manjano wenye doa jekundu kwa chini. Mbawa akizitandaza zinapita mita moja na robo. Kwa Kiingereza huitwa "herring gull", yaani gull wa heringi, yule samaki wa bahari baridi aliye jamaa wa dagaa. Lakini heringi siku hizi nadhani ni hadithi kwake. Huyu anakula viazi vya kukaanga, mkate na mabaki ya jaa. Wiki yangu ya kwanza hapa nilinunua samaki na viazi, nikaketi ufukweni nijione na mimi mtalii. Kabla sijapiga bismillahi nilisikia upepo sikioni, na kipande cha samaki kilikuwa kimekwenda. Watu walicheka, wakaniambia karibu Swansea.

Mjomba atauliza kwa nini hawapigwi mawe. Mjomba, hapa ndege wa mwituni wanalindwa kwa sheria ya mwaka 1981, na ukimvunjia kiota unaweza kujikuta mahakamani. Tena tangu mwaka 2009 wako katika orodha nyekundu ya ndege wa nchi hii walio katika hatari, kwa sababu wamepungua sana. Sisi wa mjini tunawaona wamejaa, kumbe wamehamia kwetu.

Sasa tuje kwenye jina.

Wodini kwetu kulikuwa na mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Jina lake silitaji wala kijiji chake, kazi yetu ina amana. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Alizaliwa katika Kiwelisi, Kiingereza alijifunza shuleni, akakitumia maisha yake yote kazini. Lakini ugonjwa huu una tabia ya kuanza kuchukua kilichokuja nyuma, na mara nyingi lugha ya pili hutoka kabla ya ile ya mama. Kwa hivyo usiku, akizinduka amechanganyikiwa, Kiingereza kilimpotea kabisa.

Usiku mmoja alishika mkono wangu, akaonyesha dirisha, akasema neno moja mara nyingi. Nilisikia kama "guilan, guilan". Nikadhani ni mtu. Nikaenda kwenye faili lake nitafute kama kuna mke, binti au dada mwenye jina hilo. Hakuna. Nikarudi, nikamwuliza kwa Kiingereza, "Guilan ni nani, mzee?" Machozi yakamtoka. Mimi muuguzi mwenye shahada, miaka yangu yote ya kazi, nikasimama pale sijui la kufanya, kwa sababu sina neno moja.

Alfajiri akaja msaidizi wetu mmoja, mama wa makamo, ambaye huvaa ile beji ya rangi ya chungwa inayowatambulisha watu wanaosema Kiwelisi kazini. Nikamweleza. Akacheka kidogo, akaenda dirishani, akafungua pazia. Juu ya ukingo wa nje alikuwa amesimama ndege yule yule, anatuangalia kama mwenye duka. "Gwylan," akaniambia. "Anasema gwylan. Ni huyu hapa." Mzee alipoona pazia limefunguliwa akatulia kama aliyepewa dawa. Alitaka tu kumwona ndege. Usiku kucha alikuwa akimsikia na hamwoni.

Nilipotoka zamu sikulala. Maana kuna kitu kilinigonga kichwani: gwylan na gull. Mbona yanafanana?

Nikaenda maktaba ya mji, na baadaye nikasoma kwingine, na hii ndiyo hadithi yenyewe kama nilivyoielewa.

Waingereza hawakuwa wa kwanza katika kisiwa hiki. Kabla yao walikuwapo Wabritoni, watu wa lugha za Kiselti. Karne ya 5, baada ya Warumi kuondoka, wakaanza kuingia Waangli na Wasaksoni kutoka upande wa Ujerumani na Denmaki ya leo. Hao ndio waliokuja kuwa Waingereza. Wenyeji wengine wakaingizwa humo humo, wengine wakabaki magharibi, huku Wales na kule Cornwall, na wengine wakavuka bahari hadi pembe ya Ufaransa ambayo kwa ajili yao ikaitwa Bretagne. Hebu sikilizeni maajabu ya majina: hilo neno la Kiingereza "Welsh" lilitoka katika neno la wale waliokuja, na maana yake ilikuwa wageni. Mwenyeji anaitwa mgeni na mtu aliyemkuta nyumbani! Wenyewe hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja, wenzetu.

Sasa, Waingereza walipokuja walikuwa na jina lao la huyu ndege. Walimwita "mew". Jina hilo limeigwa kutoka katika mlio wake, kama sisi watoto tulivyomwita paka nyau, au kama pikipiki ilivyojipatia jina kwa kelele zake. Ndugu zao wa bara wanalo mpaka leo: Mjerumani husema Möwe, Mholanzi meeuw, Mdenmaki måge. Ni ukoo mmoja.

Neno hilo limo hata katika shairi moja la Kiingereza cha Kale liitwalo The Seafarer, lililohifadhiwa katika kitabu kilichoandikwa kwa mkono karne ya 10 na kilichomo mpaka sasa katika kanisa kuu la mji wa Exeter. Msemaji wake ni baharia aliye peke yake katika bahari ya baridi, mbali na watu wake, na badala ya vicheko na vinywaji vya karamu yeye anasikia mlio wa mew. Niliposoma maelezo yake nilicheka peke yangu. Miaka elfu imepita, na mtu aliye mbali na kwao bado anaamshwa na ndege huyo huyo.

Basi Waingereza walimwita mew kwa mamia ya miaka. Halafu, karne ya 15, katika maandishi yao linaanza kuonekana neno jingine, gull. Polepole likamsukuma mew pembeni, mpaka leo mew amebaki katika mashairi na vitabu vya zamani. Na hili gull lilitoka wapi? Wanakamusi wanalirudisha kwa Wabritoni: ama Wales, kwenye gwylan, ama Cornwall, ambako nako kulikuwa na ndugu yake. Neno la mzee wangu wa wodini!

Labda hamuoni ajabu iko wapi, kwa sababu sisi kukopa maneno ni kawaida. Mreno alianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, akatolewa na Waomani mwaka 1698, lakini meza yake tunalia chakula mpaka leo na bendera yake tunapandisha. Hapo mshindi ndiye aliyeacha neno. Lakini Kiingereza kilikaa ubavuni mwa Kiwelisi miaka elfu na zaidi, na maneno kiliyoyachukua ni machache mno, wataalamu wenyewe wanashangaa. Mshindi hakuona haja ya kujifunza kwa aliyemshinda. Na katika hayo machache limo la huyu mwizi wa viazi. Tena halikujaza pengo, maana jina walikuwa nalo. Waliacha lao wakachukua la wenzao.

Kwa nini? Mimi si mwanahistoria, ila mimi ni mtoto wa mvuvi, na nina mawazo yangu. Nadhani maneno ya bahari hayapiti kwa wafalme, yanapita dikoni. Watu wakiuza samaki pamoja, wakivuta kamba moja, wakingojea upepo mmoja, hawaulizani nani alimshinda nani. Wanachukua neno la mtu anayeijua pwani ile.

Wafaransa ndio walionifurahisha zaidi. Wao wana maneno yote mawili! Yule mkubwa humwita goéland, wamelitoa kwa wale Wabritoni waliovuka bahari, ambao kwa lugha yao husema gouelan. Yule mdogo humwita mouette, na hilo ni la ukoo wa mew. Yale majina mawili ambayo huku moja limemla mwenzake, kule yameketi pamoja kama wake wenza waliopatana.

Na sasa maana. Mew ni mlio. Je, gwylan ni nini?

Kwa Kiwelisi kulia machozi ni "wylo", na hutamkwa karibu na "uilo". Weka gwylan kando yake, msikie wenyewe: guilan, uilo. Kule Bretagne ni wazi zaidi, ndege ni gouelan na kulia ni gouelañ, tofauti ni ile alama ndogo juu ya herufi ya mwisho. Wanaisimu wengi wanaoifuata njia hii wanasema jina la ndege na kitendo cha kulia vimetoka katika shina moja la Kiselti. Maana yake yeye ni mliaji, mwenye kuomboleza.

Mnaona sasa kwa nini niliwaambia muweke akiba kauli ya Mama? Mama yangu hajasoma Kiselti. Alisikia mlio kwenye simu, kutoka maili elfu nne na zaidi, akauliza nani analia na mbona habembelezwi. Watu wa pwani hii, zaidi ya miaka elfu nyuma, walisikia mlio ule ule wakasema, huyu analia, basi aitwe hivyo. Sikio la binadamu ni moja jamani.

Kabla sijaendelea, niondoe uongo mmoja mnaoweza kuukuta. Gull kwa Kiingereza ni pia mtu mjinga, anayedanganywa kwa urahisi. Zama za Shakespeare lilikuwa tusi la kawaida, na mwandishi aitwaye Thomas Dekker mwaka 1609 alitoa kitabu kizima cha dhihaka juu ya vijana wa mjini wa namna hiyo, The Gull's Hornbook. Kwa hivyo watu husema ndege ameitwa mjinga kwa sababu humeza chochote anachotupiwa. Si kweli. Wanakamusi hulihusisha lile la ujinga na maneno mengine ya zamani, moja la kinda asiyeota manyoya, jingine la kumeza. Na yeyote aliyeibiwa samaki mkononi anajua kwamba hapo mjinga si ndege.

Nimewaambia Cornwall nako walikuwa na jina hili. Cornwall ni ile rasi ya kusini magharibi ya Uingereza, na lugha yao, Kikorni, ni dada wa Kiwelisi. Lakini ilizidiwa. Husemwa kwamba mtu wa mwisho aliyekulia katika lugha hiyo alikuwa mama mmoja, Dolly Pentreath, mchuuzi wa samaki katika kijiji cha Mousehole, aliyefariki mwaka 1777. Mchuuzi wa samaki! Nikamfikiria na kapu lake, amezungukwa na hao ndege wakigombea matumbo ya samaki, naye anawafukuza kwa lugha ambayo wenziwe hawaijui tena. Karne ya 20 watu wakaanza kuifufua, na leo wapo wanaojifunza, alhamdulillahi. Lakini ule mnyororo wa mama kwa mtoto ulikatika. Ndege aliruka, na jina la ukoo wa lugha ile likabaki katika vinywa vya watu wasiojua linatoka wapi. Ni kama Mzungu anavyosema "safari". Anatamka neno lililotoka kinywani mwetu, nasi tulilipata kwa Mwarabu, na yeye anadhani ni jina la kampuni ya utalii.

Kiwelisi kilinusurika, lakini si kwa kupewa. Mwaka 1536 sheria ya Henry VIII iliifanya lugha ya mahakama za Wales kuwa Kiingereza, na asiyekijua asipate cheo. Karne ya 19 shule nyingi zilikuwa na kile kibao kilichoitwa Welsh Not. Mtoto akisikika anasema Kiwelisi anavishwa shingoni, naye amtafute mwenzake aliyekosea amvishe, na aliyeishia nacho jioni anapigwa.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini.

Kwa sababu hicho kibao mimi nakijua. Wengi wenu mnakijua. Sisi tulikiita disk. Nilikuwa darasa la nne, tunacheza uwanjani, nikampigia mwenzangu kelele "Ngoja!", basi. Nikakaa na disk mpaka saa kumi, nikachapwa fimbo tatu za mikononi kwa kusema Kiswahili, pwani ya Waswahili, mita mia tatu kutoka baharini. Sikujua kwamba karne moja kabla yangu watoto wa hapa ninapouguza wazee wao walikuwa wamefanyiwa hivyo hivyo. Nilikuwa nikidhani Wazungu wote ni upande mmoja wa fimbo.

Leo mambo yamebadilika. Katika sensa ya mwaka 2021 watu kama 538,000 wa Wales walisema wanaijua lugha hii, karibu asilimia 18. Vibao vya barabara vina lugha mbili. Hospitalini, tangu mwaka 2012 kuna mpango wa serikali ya Wales kwamba mgonjwa apewe huduma kwa Kiwelisi bila ya kulazimika kuomba. Nilipoajiriwa niliona ni mambo ya siasa. Baada ya usiku ule wa gwylan nimeelewa ni mambo ya uuguzi.

Na shuleni, watoto wote wa Wales husomeshwa Kiwelisi, hata wa wageni. Hapo ndipo lilipo jambo langu.

Juzi nilitembea na mwanangu ufukweni. Mnamjua, ana miaka mitano, mdomo hauna kituo. Ndege akatua mbele yetu. Nikamwuliza, nijaribu ujuzi wangu mpya, "Huyu nani?" Akanijibu "seagull" kama watoto wote. Halafu akaongeza kwa maringo, "In Welsh, gwylan!" Mwalimu wake amemfundisha, tena anatamka vizuri kuniliko. Nikafurahi, nikampongeza. Kisha nikamwuliza, "Na kwa Kiswahili?"

Akaniangalia. Akafikiri. Akasema, "Ndege?"

Jamaa zangu, sikumlaumu. Nimlaumu kwa lipi? Neno hilo sijapata kumwambia. Nikitoka kazini nimechoka, namjibu kwa lugha iliyo karibu, na lugha iliyo karibu ni ile ya kazini. Sijamvisha disk. Nimenyamaza tu, na kunyamaza kumefanya kazi ile ile ya disk. Mtoto wa Shimoni anajua jina la shakwe kwa lugha mbili, na zote mbili si ya babu yake.

Babu yake mnamkumbuka. Mzee alikuwa akiona ndege wamekusanyika juu ya maji mbali, anageuza tanga bila kusema neno, kwa sababu chini yao pana samaki wadogo na chini ya wadogo pana wakubwa. Shakwe wa kwetu ni wa kahawia, kichwa cheusi kama amevaa kofia, na kipande cha ukosi mweupe shingoni. Walikuwa wakisimama dikoni wakingoja wavuvi wapasue nguru. Nimesoma kwamba katika vitabu vya sayansi ndege huyo amepewa jina la Hemprich, daktari kijana wa Kijerumani aliyesafiri Misri na Bahari ya Shamu akikusanya viumbe, na akafa kwa homa Massawa, Eritrea, mwaka 1825, ana miaka 29. Namhurumia, wallahi, amekufa ugenini. Lakini wavuvi wa Shimoni hawakumhitaji Hemprich wala Mwingereza kumjua shakwe wao.

Kwa hivyo tangu juzi nimeweka utaratibu. Kila tukitoka tunahesabu majina: samaki, mashua, kaa, kamba, ngalawa, shakwe. Yeye ananipa la Kiwelisi, mimi nampa la Kiswahili, la Kiingereza halihitaji msaada wetu. Na ninyi nawaomba mnisaidie. Mkipiga simu msiseme naye Kiingereza mkidhani mnamrahisishia. Shangazi, mpe vitendawili. Mjomba, mwambie majina ya samaki wote unaowajua, hata wale ambao wa mjini wamewasahau. Na kama kuna aliyebaki anayekumbuka majina mengine ya ndege wa pwani ambayo Babu aliyatumia, niandikieni, nitayatia daftarini kabla hayajaruka.

Mzee wangu wa nyonga ametoka hospitali, amepelekwa nyumba ya wazee karibu na watu wake, mahali wanaposema lugha yake. Usiku wake wa mwisho kwetu alizinduka tena, na huko nje kelele kama kawaida. Safari hii sikutafuta faili. Nikafungua pazia nikamwambia, "Gwylan." Akatikisa kichwa, akanisahihisha matamshi, mara mbili, mpaka nikapata. Kisha akalala.

Jana tulimpigia Mama. Ndege akaanza tena juu ya paa. Mama akasema, "Mtoto wenu huyo bado tu hajabembelezwa?" Mwanangu akachukua simu, akasema kwa sauti kubwa, "Nyanya, si mtoto! Ni shakwe!"

Mama alinyamaza kidogo, nikasikia anacheka na kufuta pua. Kisha akamwuliza, "Shakwe huyo amekula nini leo?" Wakaanza mazungumzo yao, nami nikaenda kupika.

Haya, tuombeane. Wasalimieni wote.